Diwani anaunga mkono kampuni za kebo kuungana, na intaneti yangu inakufa kila saa moja jioni

*"Shikamoo Mwalimu. Nina steshenari Kirumba, hapa Mwanza. Natumia intaneti ya kebo, ile inayoingia na waya mmoja wa TV. Nalipa elfu sitini kwa mwezi na nimeuziwa megabiti 20. Asubuhi iko vizuri. Ikifika saa moja jioni wateja wanakaa kwenye benchi wakisubiri fomu moja ya ajira ipande. Mvua ikinyesha ndiyo basi kabisa. Wiki iliyopita kwenye mkutano wa mtaa diwani alisimama na watu wa kampuni, akasema kampuni yetu inaungana na ile yenye wateja Pasiansi, na kwamba yeye na wenzake wameshaandika barua ya kuunga mkono kwa sababu 'mtandao utakuwa mkubwa na wenye nguvu'. Ikapitishwa karatasi tuweke saini. Sikusaini, nikasema nina wateja dukani. Waya wa hiyo kampuni nyingine umeishia nguzo ya tatu kutoka kwangu, nilikuwa nasubiri wafike nihame. Sasa naomba kujua: diwani amenunuliwa? Wakiungana intaneti itapona? Na sisi watumiaji tuna sauti yoyote, au imeshapita?"*

Marahaba, dada yangu. Umeuliza maswali matatu, lakini kilichonifanya niweke kikombe chini ni hiyo nguzo ya tatu, ambayo umeitaja kama jambo la kupita tu. Nitaifikia. Kwanza tumalizane na diwani, maana naona ndiye anayekukereketa.

Usiseme amenunuliwa. Huna ushahidi, na mara nyingi hata haihitajiki anunuliwe. Nitakueleza inavyokuwa, kwa sababu barua ya namna hiyo niliwahi kuiandika mwenyewe. Miaka hiyo nilikuwa fundi mkuu wa kampuni moja ya kebo kwenye mji wa kando ya ziwa. Bosi akaniita, akasema wanasiasa wako tayari kutuunga mkono kwenye jambo fulani la leseni, ila hawajui waandike nini, hebu weka aya mbili za kitaalamu. Nikaweka. Nikaandika kwamba mtandao wetu ni "imara, wa kisasa na wenye uwezo wa kuhimili mahitaji ya kizazi kijacho", na siku hiyohiyo nilikuwa nimetoka kufunga amplifaya kwa kamba ya katani kwa sababu bano lake lilikatika. Kwa haraka yangu nilikosea neno, nikaandika "intanenti". Mwezi mmoja baadaye nikaletewa nakala za barua tatu kutoka kata tatu, mihuri mitatu tofauti, na zote zina "intanenti". Hakuna aliyepewa bahasha. Walikunywa chai, wakaonyeshwa ramani yenye rangi nzuri, wakaahidiwa Wi-Fi ya bure kwenye zahanati, wakarudi kwao wakiamini wamewaletea watu maendeleo.

Diwani anapimwa kwa anacholeta. Kampuni inayokuja na ramani inampa kitu cha kusema jukwaani. Wewe uliyekaa kimya na fomu yako isiyopanda hujampa kitu. Mizani inaanza kuinama hapo, kabla hata hatujafika kwenye rushwa.

Wala si jambo la kwetu peke yetu. Februari 2014 huko Marekani kampuni mbili kubwa za kebo, Comcast na Time Warner Cable, zilitangaza kuungana kwa dola bilioni 45 hivi. Kampuni hizo zilikuwa mkiani kwenye vipimo vya wateja kuridhika na huduma, zote mbili, wala hilo halikuwa siri. Lakini makumi ya mameya na wanasiasa wa majimbo waliandika barua kwa mamlaka ya mawasiliano ya huko kusifia muunganiko huo. Mwanzoni mwa 2015 waandishi wa habari wakafukua barua pepe, ikaonekana baadhi ya barua hizo zilitungwa na Comcast yenyewe, ikiwemo ya meya wa Roswell, mji wa jimbo la Georgia. Niliposoma habari hiyo niliikumbuka "intanenti" yangu, nikacheka peke yangu kwenye daladala.

Mwisho wake? Aprili 2015 Comcast ilijitoa, baada ya Wizara ya Sheria na mamlaka ya mawasiliano kuonyesha wazi kwamba hazikuwa tayari kuuruhusu. Barua zote zile hazikutosha. Walioamua walikuwa wanaangalia jambo jingine: nani atabaki na nguvu juu ya intaneti ya nyumbani, na wengine watamtegemea yeye kwa kiasi gani. Huko serikali za miji angalau zina mkono kwenye vibali vya kebo, kwa hiyo meya akisema anasikilizwa kidogo. Diwani wako hana hata hicho. Leseni haitolewi na baraza la madiwani.

Sasa usichanganywe na herufi. Mamlaka ya mawasiliano ya Marekani inaitwa kwa kifupi FCC. Sisi nasi tunayo FCC, ila yetu ni Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na kazi yake ni kuangalia biashara isiminywe na mmoja. Kazi ile ya FCC ya Marekani, huku kwetu inafanywa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano. Kampuni mbili za kebo zikitaka kuungana hapa, milango ni hiyo miwili. TCRA inahusika kwa sababu mwenye leseni hawezi kubadilisha umiliki kama anayeuza baiskeli. Tume inahusika iwapo kampuni hizo zimefikia ukubwa unaozilazimu kutoa taarifa kabla ya kuungana. Zikiwa ndogo kuliko kiwango hicho, jambo linaweza kuisha TCRA bila Tume kulishughulikia, kwa hiyo la kwanza la kuuliza ni hilo: je, taarifa imepelekwa Tume? Mtu wa kampuni akikujibu "taratibu zote zinafuatwa", muulize tena, polepole, mbele za watu.

Sheria yetu inakataza muunganiko unaozaa au kuimarisha utawala wa soko. Ila inaacha dirisha: Tume inaweza kutoa ruhusa ikiridhika kwamba faida kwa umma ni kubwa kuliko hasara. Nadhani ndipo barua za madiwani zinapolengwa, kwenye hayo maneno "faida kwa umma". Na huko huko ndiko barua yako wewe inapoweza kugonga, maana wewe ndiye umma unaotajwa.

Kwa hiyo, imeshapita? Hapana. Saini za kwenye mkutano wa mtaa hazipitishi chochote. Ni mapambo ya faili.

Tuje kwenye intaneti yenyewe, na hapa nitakuomba uvumilivu, kwa sababu wengi wanadhani kampuni ikiwa kubwa mtandao unakuwa na kasi. Vinavyoungana ni hisa. Waya unaoingia dukani kwako unabaki palepale, na kutu yake.

Unakumbuka Kigongo kabla ya daraja kufunguliwa Juni 2025? Barabara ya kutoka Mwanza lami safi, barabara ya kwenda Sengerema na Geita lami safi, lakini ukifika kwenye maji unakuta foleni ya malori, watu wanauziana mahindi ya kuchoma na samaki wa kukaanga, kivuko kiko ng'ambo. Fikiria siku hizo kampuni mbili za mabasi zingeungana. Foleni ya kivuko ingepungua? Isingepungua hata kwa basi moja. Kilichoimaliza ni daraja.

Intaneti yako nayo ina kivuko. Kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 1,150 kwa barabara, na mwanga ndani ya nyuzi za kioo unakwenda karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo safari hiyo ni milisekunde sita hivi. Umbali si adui yako. Mkongo wa Taifa, ile njia kuu ya nyuzi za kioo ya nchi, uko, na nyaya za baharini ziko. Zikikatika kama zilivyokatika Mei 2024, EASSy na Seacom kwa pamoja, nchi nzima inalia na majirani zetu wanalia. Haiwezekani bahari ikakatika kila siku saa moja jioni kwa ajili ya Kirumba.

Kivuko chako ni kile kisanduku cha kwenye nguzo tunachokiita nodi. Hapo ndipo faiba ya kampuni, zile nyuzi za kioo, inapoishia na waya wa shaba, ule mnene mweusi wa TV, unapoanzia. Kila nyumba iliyofungwa kwenye nodi hiyo inagawana njia moja. Tuseme nodi yenu inabeba megabiti 400 na imefungwa nyumba 200, kila moja imeuziwa megabiti 20. Zidisha: wameuza megabiti 4,000 kwenye njia ya 400. Hilo peke yake si wizi, kila kampuni duniani inauza hivyo, kwa sababu watu hawatumii wote kwa pamoja. Saa nne asubuhi watoto wako shule, wazazi wako kazini, unapata 20 zako bila shida. Saa moja jioni kila sebule imewasha filamu, na nyumba 200 zikivuta kwa pamoja kila mmoja anabaki na megabiti mbili. Wewe uliyekaa na mteja mwenye vyeti vya kupakia ndiye unayeumia zaidi, kwa sababu njia ya kupandisha kwenye kebo ni nyembamba mno kuliko ya kushusha. Mtu wa filamu anashusha. Wewe unapandisha.

Na mvua? Hiyo ni hadithi nyingine, na kampuni inapenda uzichanganye ili jibu liwe moja: "tutaboresha". Kwenye waya wa shaba, mawimbi ya kupandisha yanakaa chini kabisa ya masafa, mahali ambapo kelele zote za mtaa huingia: mota ya mashine ya kusaga, cheche za swichi mbovu, redio. Zinaingilia wapi? Kwenye konekta zilizolegea. Na kwa kuwa nyumba zote zinarudisha mawimbi kwenye nodi moja, konekta moja mbovu kwa jirani inawachafulia wote. Niliwahi kutumwa mtaa mmoja wa mlimani, nyumba zimebanwa katikati ya mawe, ambako watu walilalamika miezi minne. Nilipanda nguzo saba. Kwenye ya saba nikakuta kiungio kimezungushiwa mfuko wa rambo na kufungwa kwa uzi. Mfuko wa rambo, na mifuko hiyo ilipigwa marufuku Juni 2019! Maana yake kiungio hicho kilikuwa hakijaguswa tangu kabla ya marufuku. Ndani yake kulikuwa na maji ya kijani na mdudu aliyekufa. Nikakata inchi nne za waya, nikafunga konekta mpya, nikashuka. Mtaa mzima ukapona siku hiyo. Hakuna kampuni iliyoungana na nyingine.

Kwa Mwanza tatizo hili lina mizizi yake. Kufukia waya kwenye mawe haya ni gharama, kwa hiyo karibu kila kitu kinapita juu, kwenye nguzo, kinapigwa na jua na mvua. Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani, na waya wa shaba ulioning'inia juu unabeba mshtuko wa radi hadi kwenye modemu yako. Kioo cha faiba hakipitishi umeme. Hiyo ni sababu moja kubwa ya kutaka nodi zigawanywe, yaani nyumba chache zaidi zigawane nodi moja, na faiba isogezwe karibu na nyumba, na ni sababu ambayo sijasikia mwanasiasa akiitaja.

Je, kuungana kunaweza kusaidia lolote? Kunaweza, na nisingependa niwe kama yule diwani kwa upande wa pili. Kampuni ndogo ya kebo ya mikoani ina maisha magumu. Vifaa vinanunuliwa kwa dola. Intaneti ya jumla inapata punguzo anayenunua nyingi. Haki za chaneli za TV zinalipiwa hata wateja wakihama. Kampuni mbili zikinunua pamoja, zikiwa na gari moja la mafundi badala ya mabovu mawili, zinaweza kupata fedha ya kugawa nodi ambayo kila moja peke yake haikuwa nayo. Na kampuni iliyoachwa ikafa huondoka na rauta za watu na amana zao. Nimeyaona hayo pia.

Neno lililobeba mzigo hapo ni "zinaweza". Fedha iliyookolewa inaweza kwenda kwenye nodi ya Kirumba, au kulipa deni la kununuliana, au kwenda kwa wenye hisa. Kuungana kwenyewe kunachukua muda: Millicom, aliyekuwa mmiliki wa Tigo, alinunua asilimia 85 ya Zantel mwaka 2015, na kufikia kuzifanya kampuni moja kisheria ilikuwa 2019. Wale walikuwa na mawakili na wahandisi wa kutosha. Usitegemee hawa wako wamalize kwa miezi mitatu.

Sasa nguzo ya tatu.

Comcast na mwenzake walijitetea kwa hoja hii: hatushindani popote, yeye ana miji yake, mimi nina yangu, kwa hiyo tukiungana hakuna mteja anayepoteza chaguo. Ni hoja nzito, usiidharau. Na nina hakika watu wa kampuni yako watasema hivyohivyo: sisi Kirumba, wale Pasiansi. Lakini wewe unasema waya wa wale umeshafika nguzo tatu kutoka dukani. Hao walikuwa wanakuja! Kwenye karatasi hamna ushindani, ila mtaani ulikuwa umebakiza mita mia na hamsini hivi. Na hata kabla hawajafika, ule waya ulikuwa unakufanyia kazi. Kampuni yako inajua uko pale. Siku ukipiga simu ukasema "wale wakifika nahama", kuna mtu ofisini anayepiga hesabu. Wakiungana, mtu huyo anapumzika, na ule waya unabaki unaning'inia.

Hili ndilo jambo ambalo Tume wala TCRA hawawezi kuliona wakiwa ofisini. Ramani ya kampuni haitawaonyesha. Wewe unaliona ukiwa mlangoni kwako. Lipige picha: nguzo, ncha ya waya, na kitu kinachotambulisha mtaa. Kama kuna tangazo la "tunakuja" walilobandika au ujumbe waliokutumia, hifadhi.

Unauliza usaini au usisaini. Kwa maoni yangu usisaini ile karatasi, na usianzishe karatasi ya kupinga pia, angalau si kwanza. Ukipinga moja kwa moja unaingia kwenye vita ya "wanaotaka maendeleo" na "wasiotaka", na hiyo diwani anaijua kuicheza kuliko wewe. Isitoshe, ukishinda unabaki na kampuni ileile, nodi ileile, rambo lilelile. Nguvu yako iko kwenye masharti. Andika kwamba mnaomba muunganiko usiruhusiwe bila masharti yaliyoandikwa: nodi ya mtaa wenu, itajwe kwa jina, igawanywe kufikia tarehe fulani, siku za kukatika zirudishwe kwenye bili bila mteja kubembeleza, mteja aruhusiwe kuondoka bila faini katika mwaka wa kwanza, mafundi wa Mwanza wabaki Mwanza, si upige simu ijibiwe na mtu asiyejua Kirumba iko wapi. "Mtandao mkubwa na wenye nguvu" si sharti. Hakuna anayeweza kukupeleka popote kwa kushindwa kuwa "mwenye nguvu".

Masharti nayo bila mtu wa kuhesabu ni hewa. Baada ya Comcast kujitoa, kampuni nyingine, Charter, iliinunua Time Warner Cable mwaka 2016. Jimbo la New York likakubali kwa sharti kwamba ifikishe mtandao kwenye nyumba na biashara 145,000 zilizokuwa hazina huduma au zenye huduma duni, ndani ya miaka minne. Wasimamizi wa jimbo wakahesabu, wakasema baadhi ya anwani zilizowasilishwa hazistahili kuhesabiwa, na Julai 2018 wakapiga kura kufuta kibali chote na kuitaka kampuni iondoke jimboni. Haikuondoka, walisuluhishana mwaka uliofuata na kampuni ikaendelea kujenga. Lakini angalia kilichowapa nguvu wale wasimamizi: namba moja na tarehe moja kwenye karatasi.

Kwa hiyo na wewe tafuta namba. Chukua daftari la dukani. Chomeka laptopu kwenye rauta kwa waya, si kwa Wi-Fi, maana Wi-Fi wataisingizia ukuta na ndugu zako wa chumba cha pili. Pima kasi mara tatu kwa siku: alfajiri ukiamka, saa saba mchana, saa mbili usiku. Andika kushusha, kupandisha, na kama kuna mvua. Fanya wiki mbili. Ukiona alfajiri unapata 20 na usiku mbili, huo ni msongamano wa nodi, na dawa ni kugawa nodi. Ukiona ni mbovu saa zote na mvua inazidisha, huo ni waya na konekta, na dawa yake ni fundi mwenye ngazi, hata kesho. Kwa maelezo yako nahisi una vyote viwili. Waombe wenye maduka wanne watano wa jirani wafanye hivyohivyo. Daftari tano zenye tarehe zilezile zina uzito kuliko saini mia mbili. Na usichanganye megabiti na megabaiti: megabiti 20 ni megabaiti mbili na nusu kwa sekunde, kwa hiyo simu ikikuonyesha 2.5 wakati wa kushusha faili, hujaibiwa.

Kisha peleka malalamiko kwa kampuni kwanza, kwa maandishi, na udai namba ya lalamiko. Ukiruka hatua hiyo utarudishwa nayo. Wasipokujibu au wakikujibu kwa "tutaboresha", nenda na daftari lako ofisi ya TCRA Kanda ya Ziwa, iko hapahapa Mwanza. Nenda mwenyewe. Kuna pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo lipo kwa ajili ya watu kama wewe na ambalo wachache hulikumbuka. Suala la muunganiko liandikie Tume ya Ushindani, barua fupi, kurasa mbili zinatosha, picha ya nguzo ikiwa ukurasa wa kwanza.

Na diwani? Mfuate. Usimvizie mkutanoni, mfuate ofisini, na heshima zako zote, "mheshimiwa" ikiwepo. Mpe nakala ya daftari. Mwambie: umesaini barua, hatukulaumu, tunaomba uandike ya pili yenye haya manne. Ukifanya hivyo unampa kitu cha kusema jukwaani kizuri kuliko kile cha kampuni, na wengi wao, ukiwapa njia ya kutokea yenye heshima, wanaipita. Akikataa, utakuwa umejua yuko upande gani bila kumtuhumu mtu. Kama kuna anayesema aliona fedha zikitolewa, yeye aliyeona ndiye aende TAKUKURU na alichoona. Wewe usibebe maneno ya watu. Ila ukisikia jina lako limeonekana kwenye ile orodha uliyokataa kusaini, hapo usisubiri. Nenda ofisi ya mtaa siku hiyohiyo, omba kuiona, na andika barua ya kulikana jina lako kabla karatasi haijasafiri.

Kuna mambo mawili ambayo usijaribu mwenyewe. Usimruhusu kijana yeyote wa mtaani apande nguzo ya TANESCO kukaza waya, hata akisema alifanya kazi kebo. Waya wa kebo na wa umeme vinapita nguzo moja na nimemzika mwenzangu mmoja kwa kosa hilo. Ukiona waya umelegea hadi unagusa wa umeme, piga TANESCO. Na kama una mkataba wa mwaka uliosaini na wanakutishia faini ya kuondoka, usijibu kwa simu. Utafutie mwanasheria, au kituo cha msaada wa kisheria, ausome kwanza. Mara nyingi kipengele hicho kina mlango ambao mtu wa mauzo hakukuonyesha.

Fundi wa kampuni akija, kwa sababu ukipeleka daftari atakuja, usimwache aishie kwenye rauta na kuizima na kuiwasha. Mwombe apande nguzo ya kwanza na afungue kiungio wewe ukiwa chini unatazama. Muulize kuna nini ndani.